Spika Hapunguzi Sauti

Jambo la kwanza nililoliona kwake ni kwamba hakuanza swali kwa "samahani." Sisi wengine darasani tulinyoosha mkono nusu, tukaomba radhi kwanza, ndipo tukauliza. Yeye alisimama, akauliza, akaketi. Sauti yake ilifika hadi kwenye korido, ambako msafishaji alikuwa akipiga deki. Akaacha kazi, akachungulia aone nani anagombana.

Hakuna aliyekuwa akigombana. Ndivyo anavyoongea. Kabla wiki haijaisha tulikwisha kumbatiza jina: Spika.

Tulikuwa tumeanza shahada ya mawasiliano na balagha, fani ambayo ukiitaja nyumbani unaulizwa, "Kumbe kusema nako kunasomewa?" Wengi wetu tulilelewa katika nyumba ambazo mtoto akipaza sauti hukaripiwa. Spika alikulia kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mama yake ndiye mwenye mashine, na tangu Spika anatambaa injini ilikuwa ikinguruma. Likizo moja nilikwenda kumtembelea, nikaelewa. Pale mtu hasemi, anarusha maneno. Injini ikiwaka, sauti inapanda, neno la mwisho linarudiwa, na vidole vinakisaidia kinywa. Mteja mmoja, amejaa unga hadi kwenye nyusi, aliniuliza:

"Na wewe mwenzake, mnasomea nini hasa?"

"Balagha."

"Nini?"

"BALAGHA!" Spika akanisaidia. "Kusema na mtu mpaka akubaliane nawe!"

"Aa! Basi mama yako ni profesa. Juzi nimekuja kulalamika unga una chenga, nimeondoka nimeomba radhi mimi!"

Mama mtu hakucheka, kwa kuwa hakusikia. Injini ile imeyala masikio yake mwaka baada ya mwaka. Siku hizi wateja humwonyesha kwa vidole. Ni sauti ya mtu mmoja tu inayomfikia bila vidole.

Mwaka wetu wa mwisho ukaja mtihani wa hotuba. Mwanafunzi husimama ukumbini mbele ya jopo la wahadhiri, na yeyote anayetaka kusikiliza huruhusiwa kuingia. Spika alikuwa akitetea hoja kwamba ofisi za umma ziwaeleze watu mambo yao kwa maneno wanayoyaelewa. Alianza vizuri, sauti ameishusha kama tulivyofundishwa. Katikati ya hoja umeme ukakatika, jenereta nyuma ya ukumbi ikanguruma, na mtoto wa mashine akaamka. Sauti ikapanda, vidole vikainuka. Mara umeme ukarudi, jenereta ikazimwa ghafla, na ukumbi uliobaki kimya kama kaburi ukasikia:

"NAWAULIZA, NAWAULIZA, MNANISIKIA?"

"Mpaka sokoni tunakusikia!" mtu akajibu kutoka nyuma.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mmoja wa watahini alijificha nyuma ya karatasi.

Akafeli.

Mhadhiri wa balagha, mtu mpole ambaye sijapata kumsikia akifoka, alimwita ofisini. Nilimsindikiza.

"Binti, kichwa unacho," akasema. "Hoja zako nilizipenda. Lakini sauti yako inapigana na msikilizaji. Hamia mkondo wa uandishi. Huko hakuna atakayekucheka."

"Sihami, mwalimu."

"Basi rudia mtihani. Ila ukifeli tena utahamishwa, utake usitake."

"Nitarudia. Na mama yangu atakuja."

"Karibu sana. Lakini utumie sauti ya kawaida."

"Kawaida ya nani, mwalimu? Somo la kwanza kabisa ulituambia msemaji amtazame anayemsikiliza, ndipo achague maneno na sauti. Nikinong'ona, mama ataona midomo yangu inacheza tu. Hapo nitakuwa namhutubia nani?"

"Jopo."

"Jopo lina masikio mazima. Halitadhurika."

Mhadhiri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sikukatazi. Lakini kelele nitaikata alama, mama awepo asiwepo."

"Kelele ikate, mwalimu. Sauti uiache."

Tulipotoka nilimshauri ashushe kidogo, apite, kisha amsimulie mama nyumbani. Alinitazama kana kwamba nimemwambia auze figo.

"Mama amesaga miaka yote hiyo ili nisimame pale. Leo nimwambie asubiri muhtasari?"

Tangu hapo tunafanya mazoezi kila ukumbi unapokuwa mtupu. Mimi huketi safu ya nyuma kabisa, wanakoketi wageni siku ya mtihani, nimeziba masikio kwa pamba. Nikimsikia, nainua mkono. Mwanzoni alipiga kelele na mkono wangu ukabaki mapajani, maana kelele ilinifikia ikiwa mvumo mtupu. Kisha akaanza kufungua kinywa, kulimaliza kila neno hadi silabi ya mwisho, na kuvuta pumzi kabla ya kuanza jingine. Mkono ukainuka. Msafishaji naye haji tena kuchungulia ugomvi. Sauti haijashuka hata kidogo, imenyooka. Ila pikipiki ikipita nje, bado hupaa.

Mtihani ni kesho asubuhi. Mama amefunga mashine, jambo ambalo hata homa haijawahi kumlazimisha kulifanya, akaacha kibao mlangoni: "Hatusagi. Mwanangu anahutubia." Amefika leo mchana na mkoba wake, akaomba aonyeshwe kiti chake. Alikikalia, akapima kwa macho umbali hadi jukwaani.

"Sikio langu ni lile la kufa, dawa halisikii," akamwambia binti yake. "Lakini wewe litakusikia. Na nikiona umeshusha sauti kwa kuwaogopa hawa walimu wenu, nachukua mkoba wangu nakwenda kusaga."

Kesho nitaketi kando yake, pamba masikioni. Mkono tutainua pamoja, ikiwa utainuka. Fundi wa ukumbi ameninong'oneza kwamba umeme hautabiriki wiki hii, kwa hiyo jenereta amekwisha kuijaza mafuta. Nilisita kumpasha Spika habari hiyo, lakini nikampa.

"Waiwashe!" akasema, na huko koridoni mtu akageuka.