Mkungu Tulioufukia Tukaondoka

Harufu ya ndizi zilizoivia shimoni si ya ndizi za sokoni. Ina moshi ndani yake, ina udongo, ina majani makavu ya mgomba yaliyopata joto. Siku hizi ninaishi Dodoma, na mtaani kwetu hakuna anayevundika ndizi ardhini, lakini harufu hiyo hunijia bila kuitwa, na ikija huja na hasira yake. Kwetu Kyela shimo lilikuwa nyuma ya jiko. Mama alilitandika majani, akapanga vichane, akaingiza moshi wa pumba za mpunga, kisha tukafukia, mimi nikishindilia udongo kwa miguu. Nyumbani tulikuwa na sheria kwamba mtu aliyefukia ndiye atakayefukua, na ndiye atakayekula ya kwanza. Kaka yangu Lusajo hakuipenda sheria hiyo, maana alikuwa mvivu wa kufukia na hodari wa kula.

Nilikuwa darasa la tatu likizo ya Juni ilipoanza, mama akasema tutakwenda Iringa kumwona shangazi, siku chache tu. Sikutaka. Mpunga ulikuwa unavunwa, na kila baada ya mavuno sote tulizoea kwenda Matema ziwani. Baba alikuwa akinunua samaki soko la Lyulilo, mama akichagua vyungu vilivyokuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe, akivigonga kimoja kimoja asikie mlio wake, na sisi tukioga mpaka vidole vikakunjamana. Niliogopa wangekwenda bila mimi. Jioni ya kuamkia safari mama akaniita tuvundike mkungu mzima wa ndizi za kisukari. "Tukirudi zitakuwa zimeiva," alisema. "Utafukua mwenyewe." Nikatulia. Ningeweza kuyatilia shaka maneno yake, lakini mikono yake niliiona ikipanga ndizi zile taratibu, na haikunijia kwamba mtu anaweza kudanganya kwa mikono.

Shangazi alikuwa mwema, sina neno naye. Hakuwa na mtoto, alikuwa mwalimu, na nyumba yake ilikuwa karibu na shule nzuri. Asubuhi moja niliamka nikakuta mama hayupo. Mezani palikuwa na uji, na pembeni sare mpya ya shule. Ilinienea barabara, ndipo nikakumbuka mama alivyonipima kwa kamba kule nyumbani akisema ni gauni la Krismasi. Nilimwambia shangazi kuwa nina ndizi zinanisubiri. Akanipa ndizi ya sokoni, nikaiacha mpaka ikawa nyeusi. Nia yao haikuwa mbaya, hilo nimelielewa ukubwani. Kilichoniuma, na kinachoniuma hadi leo, ni kwamba kila mtu alijua isipokuwa mimi. Hata Lusajo alijua.

Desemba nilirudi likizo, na kabla ya kusalimia watu nilikwenda nyuma ya jiko. Shimo lilikuwa tupu, limeota majani. Mama alisema zingeoza, basi Lusajo akafukua. Tangu hapo likizo zikawa kitu cha thamani mno kwangu, na nilizipenda kwa kinyongo. Kazi walizozikimbia waliobaki nyumbani mimi nilizigombea: kupasua kakao na kufyonza ule ute mweupe wa mbegu zake, kuanua mpunga mvua ikitunyemelea. Usiku nililala na binamu zangu mkeka mmoja mpaka tukaoneana haya kwa ukubwa. Ziwani Matema nilikuwa wa mwisho kutoka majini. Ila mama akiniita tuvundike ndizi, nilijifanya nina kazi, na yeye hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Juni iliyopita tulikutana tena nyumbani. Baba ameshafariki, na mama anatembea akishika ukuta. Tulikwenda Matema kama zamani, na huko ufukweni Lusajo akanivuta kando. Alikuwa amemwambia mama anampeleka kwake Dar es Salaam akapumzike wiki mbili. Kumbe amepanga akae huko moja kwa moja, na shamba lilikuwa limeshapata wa kulikodi. "Tukimwambia ukweli hatatoka," alisema. Nikijisemea kwamba kweli mama hawezi tena kuishi peke yake, niliacha mambo yaende, na siku zikaenda.

Jioni ya kuamkia safari mama aliniita nyuma ya jiko. Shimo lilikuwa limetandikwa majani, na mkungu wa kisukari ulikuwa chini kando yake. Hakuugusa. Alinitazama usoni.

"Atupele, nivundike au nisivundike?"

Mimi, nilipokuwa darasa la tatu, sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nakiri hilo ndilo lililonijia kwanza, na lilinijia kwa uchungu wote wa miaka ile. Uani Lusajo alikuwa anafunga mizigo kwenye gari huku akipiga mluzi.

"Usivundike, mama," nikasema.

Alikaa kitako juu ya kinu. "Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Mimi wewe sikukwambia."

Kisha akapaza sauti, ileile aliyotuitia chakula utotoni: "Lusajo, lishushe begi langu."