Mkwe Wangu na Shafti Zisizolingana

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni mtu wa maneno machache. Mimi nina mengi, ndiyo maana tunapatana. Kazi yake ni kubeba watoto wa shule kwa gari aliloliacha marehemu mume wangu, gari kuukuu linalovutwa na magurudumu ya mbele.

Siku moja likaanza kulia. Kila akikata kona, ka-ka-ka-ka, kama mtu anatafuna mifupa. Fundi akalala chini yake, akatoka na grisi puani.

"Shafti zote mbili za kuzungusha magurudumu zimekwisha. Mipira inayofunika maungio imepasuka, mchanga umeingia."

Mwanangu akasema liuzwe chuma chakavu. "Mama, hilo gari ni maiti."

"Maiti hiyo hiyo ndiyo iliyokupeleka shule!"

Akakubali kwa shingo upande: tubadilishe shafti, lakini likilia tena tu, linakuja kuvutwa na watu wa chuma chakavu. Nilimwona mkewe anafuta kioo cha gari kwa kiganja, polepole. Likiondoka gari na kazi imeondoka, abaki kuomba hata hela ya chumvi.

Tukaenda kwa muuza spea wanayemwita Kobe. Ukimwita, anafika umeshasahau ulichotaka. Akatuwekea shafti mpya zinazong'aa, na nyingine zilizotolewa kwenye gari kama letu, vumbi tupu.

"Chukua mpya," nikasema.

"Kipya kinyemi, kingawa kidonda, Mama," mkwe akasema. Akatoa zetu za zamani kwenye gunia, akazilaza kando ya zile mpya. Meno ya kwenye ncha hayakulingana. Akalaza zile za vumbi: sawasawa. Akazipinda kwenye maungio, akazizungusha, akasikiliza. Hazikulegea popote.

Hapo ndipo nikaona moja ndefu, moja fupi. Damu ikanipanda.

"Kobe! Unatuuzia mapacha, mmoja kilema? Gari litachechemea!"

Kobe akacheka mpaka akakalia tairi. "Bibi, na zenu za zamani zikoje?"

Nikatazama. Moja ndefu, moja fupi.

"Basi na za zamani mlituibia!"

"Mama," mkwe akasema, midomo inamcheza, "gia boksi haikukaa katikati. Gurudumu moja liko karibu nayo, jingine mbali."

Mtu mzima hajibu kila kitu. Nikaichukua ile fupi, nikaubinya mpira wake, nikaifunua mikunjo mmoja mmoja. Ndani ya mkunjo kulikuwa na ufa.

"Na huu je? Huu nao umekaa pembeni?"

Kobe akafuta miwani, akaingia ndani kwa mwendo wake, akarudi na mpira mzima.

"Hapo umetuokoa, Mama," mkwe akasema. Akaniachia nibebe ile ndefu.

Fundi alipomaliza, mwanangu alisimama uani amekunja mikono. Mkwe akakata usukani mpaka mwisho, akazunguka kushoto, akazunguka kulia. Mimi nimekaa kando yake, sikio nje ya dirisha. Kimya. Kilicholia ni kiti changu tu.

"Hamna," mwanangu akasema.

"Hamna nini? Sema watu wasikie."

"Hamna kelele, Mama." Akaenda kufungua geti mwenyewe, tena kwa tabasamu.

"Haya, Mama, shuka," mkwe akaniambia. "Watoto wananingoja."

"Sishuki. Huko njiani kona ni nyingi, nani atakusikilizia?"

Akacheka, akatia gia.