Nilimshinda Mwalimu kwa pointi, sasa anataka kuniachia ubao

Wenye ukurasa, jina langu mulifunike vizuri kama sufuria ya samaki ndagala mbele ya paka. Minye niko muzee wa miaka makumi saba na moja, masoni mstaafu, fundi wa kujenga nyumba, ninaishi Kasenga hapa Uvira. Shule niliiacha mwaka wa nne wa primeri, mwalimu alipochoka kunipiga. Niko na muke mmoja, meno tisa, na rafiki mmoja. Kisa changu ni cha huyo rafiki.

Tunamuita Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka mingi, na sasa kila Jumatano mchana anawafundisha kusoma na kuhesabu mamama wa kanisa letu ambao hawakupita shuleni. Muke wangu ni mmoja wao. Mwaka jana binti wa Mwalimu alituwekea sisi wazee wanne mchezo mu telefone: miraba themanini na moja, unaijaza namba moja mpaka tisa, na namba isirudi mara mbili katika mstari. Kila asubuhi fumbo ni lile lile kwa wote, na kuko liste inayoonyesha nani amepata nini.

Ukifungua tu, saa inaanza kukimbia. Unaanza na pointi elfu moja. Kila sekunde inakula pointi moja, kila kosa linakula hamsini. Mwalimu ni mtu wa polepole, haandiki namba mpaka ameikagua mara mbili. Dakika kumi na mbili, bila kosa hata moja: pointi mia mbili themanini, wa kwanza kila siku. Minye nilimaliza nusu saa na makosa kama mvua. Sifuri.

"Masoni," aliniambia mbele ya watu, "hata jiwe lingepata pointi kama ungeliachia telefone."

"Jiwe halina muke wa kulipikia," nikamjibu. Tukacheka. Lakini kwa miaka hamsini anayechekwa ni minye, na ukizeeka inachosha.

Sasa musikie ujinga wangu. Masoni hajengi kona kabla ya kupanga matofali makavu chini, bila mortie ya simenti, aone kama yanakaa. Basi nikaazima telefone ya muke wangu, nikafungua fumbo bila kutia jina, nikalinakili kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. Nikalifanya kwa penseli, nikifuta, nikinywa chai, asubuhi yote. Halafu nikafungua telefone yangu na kuingiza namba mbio mbio. Sekunde tisini. Pointi mia tisa na kumi! Haki ya Mungu, siku ile sikuona kama ni wizi. Niliona ni kazi safi.

Mwalimu akanipigia simu.

"Wewe, Masoni?"

"Ni minye."

"Peke yako?"

"Nilikuwa na Mungu."

Nikaendelea hivyo miezi mitatu. Yeye akaanza kukimbia ili anifikie, na akikimbia anakosea, na kila kosa hamsini. Mtu ambaye hakuwahi kukosea akashuka mpaka kwenye sifuri yangu ya zamani. Akaacha utani. Akaanza kuwauliza watoto wake kama anarudia maneno. Nikaogopa. Nikasema leo nimwachie: nikakaa dakika kumi na tano, nikatia makosa sita makusudi. Nilisahau kwamba liste inaonyesha na makosa, mstari kwa mstari.

"Jana kosa hakuna, leo makosa sita kwenye mstari mmoja?" akanipigia. "Usinihurumie, Masoni. Kama hata wewe unanihurumia, basi nimekwisha."

Jumatano iliyopita muke wangu alirudi kutoka kalasi na macho mekundu. "Papa, Mwalimu anatuacha. Anasema akili yake inavuja. Eti kama mutu wa mwaka wa nne primeri anamushinda hesabu kila siku, yeye hawezi tena kusimama mbele ya ubao. Na minye nilikuwa nimebakiza kidogo tu nisome barua ya dada yangu peke yangu."

Nilikuwa ninakula, nikajifanya mwiba wa samaki umenikwama kooni.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwake kusema yote. Kabla sijafungua kinywa, akanishika mkono. "Nimeongea na pasta. Mamama wasibaki bila mtu. Kalasi utaichukua wewe."

"Minye? Mwalimu, kugawanya tu kunanitoa jasho!"

"Unyenyekevu huo ndio mimi nilioukosa," akasema.

Miaka hamsini hajawahi kunisifu. Nikameza maneno yangu, nikarudi nyumbani. Na mujue, Mwalimu huyu alimtoa mtoto wake mwenyewe kwenye chumba cha mtihani kwa kunakili, akakaa mwaka mzima hamsemeshi. Kwa umri wetu, minye na yeye hatuna mwaka wa kununiana.

Kukabidhiana ni Jumatano, kesho kutwa. Muke wangu ameacha kulia. Amewaambia wenzake sokoni kwamba mwalimu mpya ni bwana yake. Leo amelipiga pasi shati langu la harusi ya binti yetu, na ameniuliza akae mbele au nitaona aibu.

Nimechoka, ndugu zangu. Mfuko wa simenti unautua ukifika. Huu sijui nitautua wapi. Nikisema, nampoteza rafiki. Nikinyamaza, ataingia kaburini akiamini kichwa chake ndicho kilichotangulia, na mamama watafundishwa na mjinga. Nimwendee kesho peke yetu wawili, au ningoje Jumatano niseme mbele ya mamama wote, chaki mkononi? Nishaurini. Matusi nayo nitayasoma, ila ushauri utangulie. Na muandike kwa maneno marefu marefu, maana telefone muke wangu anaichungulia, na yale mafupi ameshayajua.