Msimu Niliorudi Beki

Sisi tuliokulia Ibra, huku Oman, wakati uwanja ulikuwa mchanga tu wa wadi, lile bonde la mto mkavu, tulijifunza mpira miguu mitupu. Mvua ikinyesha milimani, wadi ilipitisha maji siku mbili tatu. Siku nyingine zote ilikuwa yetu. Baada ya sala ya alasiri jua lililegea, vumbi likageuka rangi ya asali, nasi tukapanga mawe mawili huku na mawili kule, tukapata magoli. Kutoka majumbani ilikuja harufu ya mandazi ya hiliki, na sauti za mama zetu wakiitana kwa Kiswahili cha Unguja.

Mimi nilicheza mbele. Hakuna aliyeniuliza kama napenda. Marehemu baba alikuwa mfungaji huko Unguja kabla ya kuhamia Oman, na wageni wakija kunywa kahawa aliwasimulia mabao yake, moja baada ya moja, mpaka kahawa ikapoa. Watoto wa leo wangemwomba video. Sisi tulimwamini.

Nilipoingia chuo, hapo hapo Ibra, nikapewa namba tisa. Msimu mzima sikufunga hata bao moja. Nikiupata mpira karibu na goli, miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayekimbia ndotoni, na goli nikaliona linazidi kusogea mbali. Siku moja mwalimu wa timu, mtu mpole asiyepandisha sauti, aliniita pembeni.

"Wewe unauona mpira ukiwa mbali nawe," alisema. "Ukikukaribia unababaika. Nataka urudi beki. Ukikataa utakaa benchi, wala sitakulaumu."

Nilimweleza baba wakati wa chakula cha mchana. Alirudisha tonge kwenye sinia.

"Nyumba hii hatuchezi nyuma," alisema.

Bibi yangu, mama yake baba, ambaye hajawahi kutazama mechi maishani mwake, akauliza, "Kwani huko nyuma mpira haufiki?"

Baba akainuka kwenda kunawa mikono. Baba alininunia wiki mbili. Asubuhi nilimwambia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akitazama dirishani. Hata hivyo nilikubali kurudi beki, kwa sababu benchi niliiogopa zaidi, lakini nilijiona kama mtoto aliyemvunjia mzazi heshima.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa Nizwa. Sikumtarajia baba, ila alikuja, akasimama peke yake ng'ambo ya uwanja, kanzu yake ikipepea. Karibu na mwisho kipa wetu alitoka golini akapitwa, na mshambuliaji wao akapiga. Mimi nilikuwa nimeshafika. Sijui niseme vipi. Nilijua mpira unakwenda wapi kabla haujaguswa. Niliutoa kwenye mstari, na kwa muda kidogo sikusikia kelele za mtu yeyote, mwili ukawa mwepesi kama nilipokuwa na umri wa miaka minane. Tulitoka sare, bila bao.

Tukirudi Ibra, baba aliendesha kimya mwendo mrefu. Milima ilikuwa imeanza kuiva rangi ya zambarau ndipo aliposema.

"Ulipokuwa mbele, ulikuwa ukitoka uwanjani unatazama miguu yako. Leo umetoka unatazama watu." Akapunguza mwendo kuwapisha mbuzi. "Basi kaa huko huko."

Nikakaa, mpaka nilipomaliza chuo.

Sasa mwanangu ana mpira wake ndani ya simu. Anamtoa mchezaji mbele, anamrudisha nyuma, kwa kidole gumba tu, huku anakula chipsi. Hamwogopi mtu, na wala hakuna anayemnunia. Juzi aliniuliza kama inaniuma kwamba sikufunga. Nilimwambia hapana, na ni kweli. Matokeo ya mechi nyingi nimeshayasahau. Ninachokitamani ni kile kimya cha ndani ya gari, nimechoka, miguu imejaa vumbi, na baba yuko hai kando yangu anatafuta la kusema.