Kifaa Kisicho na Kelele

Wiki iliyopita, dukani, nilisikia nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa vya risasi ikigongwa, nikamkumbuka baba. Nilipokuwa mtoto, alijitengenezea mwenyewe risasi za kuwindia nguruwe mwitu, na safari moja alikuwa amezidisha baruti; ilibidi azing'oe vichwa ili aipunguze. Duka alilotupeleka, kule Auburn ugenini, lilinuka mafuta ya bunduki. Muuzaji aliigonga nyundo kama hiyo, ambayo risasi huwekwa ndani yake, kwenye kaunta, ko! ko!, na mama, aliyekimbia vita Burundi, akanibana bega kwa nguvu.

“Baba, chukua hiyo!” nilisema, nikiamini mama naye amefurahi.

Baba alimtazama mama, akaomba kifaa kingine, ghali zaidi, cha kufunga mezani, kinachobana kichwa cha risasi na kukivuta polepole.

“Hiki hakina kelele, Mama Neema.”

Kwenye treni ya kurudi nyumbani mama hakuuachia mkono wa baba. Wakati ule nilidhani anamfariji kwa kuwa amechagua kifaa kibaya.