Mgonjwa Si Mgeni

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu Mwende, na leo nimeikumbuka kwa hasira. Tangu nitoke kwako Athi River jana sijatulia. Nimefua nguo zilizokuwa safi, nimemfokea mbuzi wa jirani. Kwa hiyo usikate simu. Wala usiketi. Simama unisikilize, maana kuketi kwako ndiko kulikoniudhi.

Wewe ulikuwa mtoto wa kutambaa. Mimi nilikuwa mke kijana katika boma la baba yako, hapa hapa Machakos, vidole vikaanza kuvimba. Asubuhi nilishindwa kufunga vifungo vya blauzi. Magoti yalikaza, viganja vikawa moto. Watu walinicheka kwamba nimepata ugonjwa wa vikongwe. Hospitalini daktari akasema ni baridi yabisi, ile inayovamia viungo vya pande zote mbili, nayo haichagui umri. Akanipa dawa, akanionya nisikae tu: nitembee, nifanye kazi ndogo ndogo za nyumbani, nikichoka nipumzike.

Habari ya dawa waliisikia. Ya kutembea haikuwaingia masikioni. Shangazi zako, dada za baba yako, walikuwa watu wema, na wema wao nusura unimalize. Mmoja alichukua jembe langu, mwingine mtungi wangu wa maji. Hata katani yangu ya kusukia kiondo, kikapu chetu, waliigawa, eti vidole vipone. Ikafika zamu ya mwethya kuja kwetu, wale wanawake wa kijiji wanaosaidiana kulima mashamba. Walichimba mitaro ya kuzuia maji mteremkoni huku wakiimba, na mimi nimewekwa kitini barazani, blanketi magotini, naletewa chai. Nikawa mgeni katika shamba langu mwenyewe. Nililia, wakadhani ni maumivu.

Nikakaa hivyo msimu mzima, mpaka mapaja yakapukutika. Ndipo siku hiyo ninayokwambia, wengine wakiwa shambani, ukatambaa kuelekea kwenye mafiga. Moto ulikuwa unawaka. Nilikuita, ukacheka, ukaendelea. Nikajaribu kuinuka. Mikono ikakataa, miguu ikakataa. Nikajiangusha chini, nikajiburuta nikipiga mayowe. Mama mkwe wangu, bibi yako Mbithe, ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kisimani. Alitupa mtungi, akakunyakua, mkono wako ukiwa umeshafika kwenye majivu.

Hakunipa pole. Alikibeba kile kiti akakirusha uani, mguu mmoja wa kiti ukavunjika. Shangazi waliporudi akawageukia.

"Nani aliketisha huyu? Hata mgeni, siku ya tatu mnampatia jembe! Huyu mmemnyima msimu mzima, na hii ni nyumba yake!"

"Lakini Mama, ni mgonjwa."

"Mgonjwa, ndio. Kwani amekufa?"

Kesho yake akanianzia kiondo, akaniambia nikisuke nikitembea, kama wanawake wetu walivyosuka njiani wakienda sokoni. Nilifika langoni nikarudi. Niliumia, sikudanganyi, na nilimchukia yule mama. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Baada ya lango nikafika kisimani, baada ya kisima nikafika kanisani. Msimu wa kupanda, mwethya iliporudi kwetu, bibi yako hakunipa jembe, maana vidole havingeweza kulishika. Alinipa mkebe wa mbegu. Wenzangu walichimba mashimo, mimi nikadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Safari hii niliimba nao.

Sasa jana nakukuta wewe, uliyeambiwa una ugonjwa uleule, umelazwa kwenye kochi mchana kutwa, na msichana wa kazi anakukorogea sukari kwenye chai! Nikakuuliza daktari alisemaje.

"Mwaitu, mama yangu, alisema nitembee," ukanijibu. "Lakini Baba Kasyoka hataki nijiumize. Anasema nikae tu."

Mumeo anakupenda, najua. Mwambie mama mkwe wake amekasirika hata hivyo. Mapenzi ya kumfunga mtu kwenye kochi siyataki. Na wewe ukakubali, wewe uliyekaribia kuungua kwa sababu mama yako alikubali!

Sikia basi. Dawa za kliniki usiache. Kiungo kikiwaka na kuvimba, kipumzishe hicho, usishindane nacho, lakini usivilaze vingine pamoja nacho. Asubuhi tia vidole kwenye maji ya vuguvugu, kisha uoshe vikombe. Fagia chumba kimoja, pumzika, halafu ingia kingine. Dukani nenda kwa miguu, pole pole ndio mwendo. Siku nyingine utafika nusu njia ukarudi, na hiyo pia ni safari. Sufuria nzito mwachie msichana. Sukari yako koroga mwenyewe.

Nimefoka vya kutosha, na koo limenikauka. Mungu akupe vidole vya kufunga vifungo vyako mwenyewe, mwanangu, na miguu ya kumfikia mtoto wako Kasyoka kabla hajafika kwenye moto. Jumamosi mwethya iko kwangu, tunapanda. Mkebe wako wa mbegu nimeshaujaza. Kiti sitoi nje.