Barua ya Nchi ya Theluji

Mimi sikusoma. Nilikata maua hapa Naivasha miaka mingi mpaka magoti yakakataa, na mshahara nilikuwa napokea kwa kidole gumba. Lakini msichana wangu wa mwisho alisoma mpaka akaingia ofisi ya shamba, ile ya HR, mahali wanaandika watu na mahali wanafuta watu. Sasa naishi kwake. Haya mimi naongea, yeye ndiye anaandika, na nimemwambia asinirekebishe.

Tangu akiwa darasa la kwanza, kitu akisoma lazima anisomee kwa Kiswahili. Na mimi lazima nirudie kwa sauti ya mwenye aliandika. Ikiwa ni headmaster naongea na pua. Ikiwa ni tangazo la kanisa nafunga macho na kuvuta maneno. Tunacheka, lakini hiyo ndiyo njia yangu ya kujua ni nani amejificha ndani ya karatasi.

Sasa ile Jumamosi ilikuwa karibu na Valentine, ile siku ya wapendanao ng'ambo wananunua maua, wakati shamba huwa kama jeshi. Alirudi saa nane mchana, akaweka laptop kwa meza, viatu hakuvua. Nikamuuliza ni nani amekufa. Hakucheka, na huyo ni mtu hucheka nikikohoa tu.

Akanieleza. Watu saba walikuwa wamekosa kazi siku tatu mfululizo. Manager akamwambia atafute sheria ya watoro kwa internet, achukue nzuri, aandike barua. Huyo manager huongea kama mtu anatafuna njugu, kwa hivyo nikaweka njugu mdomoni: "Kila kitu iko online, madam. Tusisumbue wakili na kitu ya copy na paste." Basi msichana wangu akapata ukurasa, akatoa barua hapo, akajaza majina saba, akasaini. Barua zikaenda kwa supervisor, zigawiwe Jumatatu asubuhi.

"Sasa unataka nini na mimi?" nikamuuliza.

Akasema anataka tu kunisomea. Roho yake imekataa kutulia.

Akafungua. Hata mimi nikaona ilikuwa imependeza. Rangi, maua kando, na picha ya mama mmoja wa ofisi mwenye meno nyeupe kama ya farasi wa matangazo. Nikampatia sauti hapo hapo, tamu kama ya mtu anauza mafuta ya uso sokoni: "Rafiki yangu, umechoka na watoro? Usijali. Jaza jina, jaza tarehe, umemaliza." Ukurasa ulikuwa unasema mtu akikosa siku tatu bila kuandika barua, huyo amejifuta mwenyewe. Hakuna haja ya kumuita. Msichana wangu alikuwa anasoma haraka haraka, kama mtoto amekariri. Akasoma: "Isipokuwa kama barabara ilifungwa na theluji."

"Theluji gani?"

"Ni mfano tu, mum."

"Mfano wa wapi? Theluji ilifunga barabara Gilgil ama ni Mai Mahiu?"

Akaanza kucheka, halafu akarudi juu akasoma tena polepole.

Wacha niwaeleze kitu ya shamba. Ukikata maua unaweka kwa ndoo, na ndoo haiingii coldroom, kile chumba cha baridi, bila lebo. Lebo inasema imetoka greenhouse gani, imekatwa siku gani, na namba ya mwenye alikata. Mimi sikujua kusoma, lakini namba yangu nilikuwa naijua kama uso wa mama yangu, na ndoo bila lebo nilikuwa naiona kutoka mlangoni. Hata kama ni maua ya kupelekea malkia, inarudi. Kwa sababu yakioza huko mbele, utauliza nani?

Nikamwambia, huyo mama wa meno, muulize lebo yake. Ametoka greenhouse gani?

Akashuka chini kabisa kwa ukurasa. Jina la mwandishi hakuna. Tarehe hakuna. Halafu huko mwisho, maandishi madogo kama mayai ya chawa: sheria ni ya ng'ambo, na hao watu hawasimami nyuma ya maneno yao mtu akiyatumia. Na kitufe kikubwa cha kijani cha kununua barua zingine kumi.

"Mum," akasema, "nimesaini."

Hapo utani ulinitoka. Nilikumbuka karani mwingine wa hiyo hiyo ofisi, zamani, mimi nikiwa bado nakata. Kulikuwa na makosa ya karatasi, sijui gani, na wakubwa wakatafuta mtu wa kubeba lawama. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu nikaona akipelekwa geti mchana, watu wakiwa kwa chai. Askari akamwaga handbag yake juu ya meza, kila kitu, mpaka pedi. Hakuna mtu aliongea. Hata mimi sikuongea. Sasa nikaona handbag ya msichana wangu kwa hiyo meza, ile ya brown nilimnunulia akifaulu.

Akaingia kwa phone, kwa group ya wenzake wa HR. Mmoja akamjibu haraka, na yeye pia nilimpatia sauti: "Relax, madam. Sisi tulituma hiyo na hakuna mtu alijam, hakuna alilalamika." Nikauliza, huyo ni wa shamba gani? Hajui. Alituma lini? Hajui. Nikasema basi hiyo pia ni ndoo bila lebo.

Mwisho akaenda kwa ukurasa wa serikali. Huo ulikuwa polepole, kitu inazunguka tu, inazunguka, na mimi naomba Mungu kimya. Ukifunguka haukuwa na rangi wala picha. Sauti yake ilikuwa ya chifu kwa baraza, yenye inafanya watu wasinzie. Lakini lebo yote ilikuwa hapo: nchi yetu, mwaka, namba ya kila kifungu. Na kifungu kilisema, kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, mwambie kosa lake kwa lugha anaelewa, umsikize, na awe na mfanyakazi mwenzake hapo karibu.

Hakuna hata mmoja kati ya wale saba alikuwa ameitwa.

Akapigia supervisor. Barua ziko kwa drawer, supervisor akasema, isipokuwa moja. Mwenye hiyo barua alikuwa amerudi kazi, na supervisor akamkuta kwa geti akitoka, akaona ampatie tu, kazi ya Jumatatu ipungue. Msichana wangu akataja jina la huyo mama, na mimi nikamjua kabla hajamaliza.

Huyo mama anaishi kwa plot yetu, hizi nyumba za kupanga, mlango wa tatu kutoka choo. Mimi ndiye nilimfundisha kufunga maua akija akiwa msichana. Siku tatu hakukuja kwa sababu binti yake alikuwa amelazwa kujifungua, na kila asubuhi alipigia supervisor simu. Hiyo plot yote ilijua, lakini supervisor hakuambia ofisi, na msichana wangu msimu wa Valentine hutoka na giza na kurudi na giza.

Na nitasema ukweli, kwa sababu anayeandika ni huyo huyo mtoto na nataka ajue. Woga wangu wa kwanza haukuwa wa huyo mama. Nilifikiria, akipeleka hiyo barua Jumatatu kwa ofisi ya labour, ile ya kutetea wafanyakazi, ni mtoto wangu atamwagiwa handbag. Kufikiria kwamba mwenzangu amefutwa kazi huku ana mjukuu mchanga ndani ya nyumba kulikuja nyuma, kama mtu amechelewa.

Tukaenda. Hatua hamsini, lakini magoti yalihesabu mia tano. Alikuwa anafua nguo za mtoto. Alipoona HR mlangoni alisimama, mikono ikitiririka sabuni.

"Mmekuja kuniongezea barua ingine?"

Msichana wangu akamuuliza kama amesoma barua. Akasema hapana, ameiweka chini ya mkebe wa unga, atasomewa kesho baada ya kanisa, akiwa na nguvu. Alimtaka supervisor amwambie ni ya nini, akamwambia tu aende nayo nyumbani. Halafu akanigeukia mimi.

"Shosho, wewe si huigiza kila mtu? Niambie hiyo barua inaongea aje."

Nikafungua mdomo. Ile sauti tamu ya mama wa meno nilikuwa nayo saa moja tu iliyopita, na haikuja.

"Inasema usirudi kazi," msichana wangu akasema. "Niliandika mimi, aunty, na sikukuuliza kwanza. Haifai. Jumatatu utaitwa usikizwe, uje na mwenzako mnayefanya kazi pamoja, na phone yako ikiwa na zile simu. Naomba unirudishie hiyo barua."

Huyo mama akapangusa mikono kwa leso, polepole.

"Kuja nitakuja," akasema. "Barua itabaki."

Jumatatu nilikaa kwa mlango tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikiangalia barabara ya shamba kama mtu anangoja maiti. Msichana wangu alirudi jioni, handbag begani. Manager alikuwa ametafuna njugu zake zote. Alitaka kumfukuza msichana wangu hapo hapo, na msichana wangu akamwekea mezani ule ukurasa wa chifu, akamwambia hata mtu wa HR lazima aitwe asikizwe. Akasikizwa, akapewa onyo la kuandikwa. Mwenzangu alikuja na mama wa packhouse, mahali maua hufungwa, akafungua phone, wakahesabu simu tatu. Yuko kazini mpaka leo. Wale sita wengine pia waliitwa.

Lakini barua hajarudisha. Nikienda kwake kuomba chumvi naona mkebe wa unga uko pale pale, na ncha ya barua chini yake. Ananipatia chumvi, ananiangalia nikiuangalia. Huwa namtania juu ya kila kitu, mguu wake, wifi yake, vile anaimba kanisani. Huo mkebe sijawahi kuutania.